Jina Nililolitaja Ndani ya Moshi

Msomaji mmoja ameniandikia kunifariji. "Mama Yeshareg," anasema, "ni nani hajawahi kujifanya mgonjwa ili asiende shule? Kosa la kitoto hilo. Jisamehe upumzike."

Ndugu yangu, umesoma ya wiki iliyopita tu. Ngoja.

Kwa aliyechelewa: nilikuwa na miaka kumi, darasa la nne, kijijini kwetu Gedamit, nyanda za juu za Gojam. Darasa zima lilikuwa na vitabu vinne vya kusoma, na sisi tulikuwa sitini. Kila jioni kitabu kilikwenda kulala kwa mtoto mmoja, kwa zamu. Zamu yangu ilipofika kikaniponyoka, kikatumbukia kwenye mtungi wa unga uliochachushwa wa injera, mkate wetu mwembamba wa kila siku. Nilikitoa kimevimba, kurasa zimegandana, kinanuka. Nikakificha nyuma ya kihenge cha shayiri.

Jumatatu asubuhi nikamwambia mama tumbo linaniuma.

Jumanne likaendelea kuuma. Jumatano nikaongeza kichwa. Mama alikwishazika watoto wawili kabla yangu, na kila nilipogeuka kitandani alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Nilimwona. Nikaendelea kugeuka.

Leo nasimulia Alhamisi.

Mama alikuwa amekwenda kisimani. Baba yuko shambani na ng'ombe. Bibi Tirusew, mama yake baba, yuko kanisani. Nyumba ilikuwa yangu. Nikashuka kitandani, nikaenda kwenye chombo cha shayiri ya kukaanga, nikawa natafuna kwa mikono miwili.

Mlango ukaingia giza.

"Hee! Mgonjwa gani huyu anayetafuna hivi?"

Alikuwa Mama Enguday, mfinyanzi, amebeba kichwani kikaango kipya cha udongo ambacho mama alikuwa amemwagiza. Alikitua polepole, akakiegemeza ukutani, kisha akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

Shayiri ikanikwama kooni. "Mama Enguday, usimwambie mama."

"Tumbo linauma kweli?"

"Hapana."

"Kuna anayekupiga shuleni?"

"Hapana."

"Sasa?"

Nikamwambia habari ya kitabu. Ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Alisikiliza yote, akakuna shavu kwa mkono wenye udongo mkavu.

"Kitabu tu?"

"Baba ataniua."

"Hakuui. Atapiga kelele, atachoka." Akachuchumaa tukatazamana. "Nisikilize, Yeshi. Wewe ndiye unayekaa dawati moja na Dasash wangu. Wenzio wote wanamkimbia. Kwa ajili hiyo mdomo wangu nimeufunga. Lakini kesho uamke, uende shule. Nimempita mama yako njiani sasa hivi, macho yamemvimba. Usimchezee hivyo mtu aliyezika."

"Kesho nitakwenda."

"Haki?"

"Haki ya Maria."

Niwaeleze kwa nini watoto walimkimbia Dasash. Kwetu, mfinyanzi na mhunzi walitajwa kuwa ni buda, watu wa jicho. Walisema buda akikutazama, hasa ukiwa unakula, amekula ndani yako, nawe utanyauka mpaka ufe. Watu walinunua vyungu vya Mama Enguday, wakapikia humo, wakala. Lakini kula naye, hapana. Mimi nilikaa na Dasash kwa sababu Mwalimu Getinet alinipanga pale. Sikuwa na wema wowote zaidi ya huo.

Mama Enguday akiwa anatoka, akagongana na Bibi Tirusew mlangoni.

"Umefuata nini humu?" bibi akauliza.

"Nimeleta kikaango, mama."

"Mtoto wangu anaumwa, wewe unaingia mpaka ndani?"

"Nimemsalimia tu."

Nilikuwa nimekwisharukia kitandani, nimejifunika gubigubi. Bibi akanifunua, akanigusa paji la uso. Lilikuwa limelowa jasho. Jasho la woga, wasomaji wangu, la mtu aliyekoswakoswa kufumaniwa. Bibi akalisoma kwa namna yake.

"Wubit!" akamwita mama kwa sauti iliyofika bondeni. "Wubiit! Njoo! Ameshaliwa!"

*

Ijumaa niliamka nimeamua. Naapa. Nilikuwa nimevaa gauni la shule chini ya shuka, nangoja tu mama aingie nimwambie nimepona.

Mama akaingia. Nyuma yake akaingia baba. Nyuma yake bibi. Nyuma ya bibi akaingia Lakew, debtera wa kanisa letu, yule anayeimba ibada na pia anayejua mizizi, hirizi na dua za kufukuza pepo. Mkononi ana kigae chenye makaa.

"Mama, nimepona," nikasema.

Debtera akatikisa kichwa. "Mnasikia? Huyo siye yeye anayesema. Ameniona, anataka nimwache."

"Ni mimi! Nimepona kweli!"

"Mshikeni."

Baba akanishika mabega. Mama akanishika miguu. Debtera akaweka mizizi kwenye makaa, akanifunika kichwa pamoja na kigae kwa shuka zito, na moshi ukaniingia machoni, puani, kooni.

Sijui kama mmewahi kuvuta moshi wa namna ile. Ni kama kumeza pilipili inayowaka. Nilipiga mayowe. Kila nilipopiga yowe, bibi alisema, "Huyo! Huyo anatoka!"

"Wewe ni nani?" debtera akauliza. "Jitaje! Nani amemla mtoto huyu?"

"Hakuna!"

"Anaficha. Ongezeni makaa."

"Sijui! Sijui, baba! Nitoeni!"

"Jitaje!"

Bibi akainama karibu na shuka. Sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo iliyonimaliza. "Yeshi, mjukuu wangu. Jana kuna mtu aliingia humu. Aliingia nani?"

Hapo ndipo maisha yangu yalipokatikia.

Nilikuwa na maneno mawili mdomoni. La kwanza: nimedanganya. Mikono ya baba ilikuwa mabegani pangu na niliisikia ilivyo mizito. La pili lilikuwa jina.

"Enguday," nikasema.

Shuka likaondolewa papo hapo. Hewa ikaingia. Mama akaniinua, akanipa maziwa yenye asali.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba ni moshi ulionisemesha. Baadaye nikajiambia ni bibi aliyelitia lile jina mdomoni mwangu. Yote mawili ni kweli. Lakini ipo sababu ya tatu na leo naiandika kwa mara ya kwanza: Mama Enguday alikuwa anajua siri yangu. Wakimchukia yeye, nani atamsikiliza akisema mtoto alikuwa anatafuna shayiri? Nilikuwa na miaka kumi, nakohoa, machozi yananitoka, na hesabu hiyo niliifanya.

Nilikuwa sijamaliza maziwa nikasikia baba anachukua bakora ukutani.

"Baba unakwenda wapi?"

"Kunywa maziwa yako."

*

Mama Enguday aliletwa na wanaume sita. Alikuwa katikati ya kazi, udongo mbichi umemfika viwikoni. Dasash alikuwa anamfuata nyuma, amevaa gauni la shule, analia bila sauti. Walimzuia uani.

Ndani kulijaa watu.

"Umemla mtoto wangu," baba akasema. "Mtemee mate apone, hatutakugusa."

Ndivyo ilivyoaminika: aliyekula akikutemea mate, anakuachia.

"Ayenew," Mama Enguday akasema, "umenijua tangu unachunga ndama. Mimi nafinyanga vyungu. Sili watu."

"Mtoto amekutaja mwenyewe," bibi akasema.

"Amenitaja?"

"Kwa mdomo wake!"

"Mbona kikaango changu umekiweka jikoni, mama? Kama nawala, si mngekitupa?"

Mtu mmoja akacheka. Bibi akamkata jicho, akanyamaza.

"Niacheni nimuulize mtoto," Mama Enguday akasema.

Wakamwachia. Akaja kuchuchumaa kando ya kitanda, vilevile kama alivyochuchumaa jana yake. Hakukunja uso. Alikuwa anangoja tu, kama mtu aliyemkopesha mtoto jembe na sasa anataka arudishiwe.

"Yeshi, mwanangu. Waambie."

Mama yangu alikuwa ananitazama. Baba alikuwa ananitazama.

Nilifumba macho, nikajishika tumbo, nikaguna.

"Yooo!" bibi akapiga ukelele. "Anamla tena mbele ya macho yetu!"

Nikasikia bakora. Moja tu, na sauti ya mtu akivuta pumzi. Nilipofumbua macho Mama Enguday alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake wa kulia na amekielekeza kifuani. Alinitazama. Nimeshatazamwa kwa chuki maishani, naijua. Ile haikuwa chuki. Alikuwa anafikiri.

Kutoka nje Dasash akaita, "Mama!"

"Haya," Mama Enguday akasema. "Basi. Ni mimi. Niachieni binti yangu."

Akaniinamia. Uso wake ulikuja karibu sana, udongo ulinukia. Akaninong'oneza sikioni, maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia:

"Inuka sasa. Ukibaki umelala, wataniua."

Akatema mate kidogo kwenye paji la uso wangu.

Jamani, niambieni ningefanya nini. Nikibaki mgonjwa, wanaume sita wana bakora. Nikipona, nimethibitisha kwamba ni yeye.

Nikainuka.

Vigelegele vilivyopigwa siku ile sijavisikia hata harusini. Bibi alicheza. Debtera alisimama mlangoni akipokea mikono ya watu. Baba, ambaye sikumbuki kama alikuwa amewahi kunikumbatia, alinikumbatia, nami nikahisi kifua chake kinatetemeka. Kila aliyenibusu niliona kama ananipaka kinyesi.

Kabla jua halijatua vyungu vyote vya Mama Enguday vilikuwa vimevunjwa uani kwake. Aliambiwa aondoke Gedamit na asirudi. Akaondoka kwa miguu, mwanawe amebeba mzigo, yeye amebeba mkono wake.

*

Jumatatu nilikwenda shule. Nilikichukua kitabu kilekile nyuma ya kihenge, nikakiingiza chini ya shuka nililojitanda, nikakiweka mezani kwa Mwalimu Getinet. Nilitaka anichape. Niliomba njia nzima anichape mpaka nishindwe kukaa.

Akakinyanyua kwa vidole viwili. "Hiki kimekuwaje?"

"Kilitumbukia kwenye unga, mwalimu."

Akakinusa. Akacheka. "Kitafaa kuokwa. Kiweke dirishani kikauke, kurasa zikiachana tutazishona."

"Hunichapi?"

"Kwa kitabu kilichotumbukia kwenye unga?" Akanitazama vizuri. "Ulikuwa wapi wiki nzima?"

Darasa likanijibu, watoto wote kwa pamoja, "Aliliwaaa!"

Kicheko chake kikakatika. Mwalimu Getinet alitoka mjini Debre Markos, na mambo ya jicho alikuwa hayataki hata kuyasikia. Aliwanyamazisha, akaniita nje, tukasimama kando ya ukuta.

"Mama yake Dasash yuko nyumbani kwangu, Yeshareg. Yeye na mtoto. Wamelala jikoni kwangu siku tatu. Mkono wake wa kulia umevunjika kifundoni. Mganga wa zahanati amesema hautarudi kama ulivyokuwa. Unajua mfinyanzi anafanya kazi kwa mkono gani?"

Nikautazama mkono wangu wa kulia.

"Nimemuuliza, kwa nini ulikiri jambo ambalo haliwezekani? Hasemi. Nimemuuliza, mtoto yule alikuwa anaumwa kweli? Akanijibu, 'Watoto wanaumwa, mwalimu.' Basi."

Alikuwa bado amenifichia siri. Mkono umevunjika, nyumba imekwenda, na mdomo wake aliufunga kama alivyoniahidi.

"Mwenyekiti wa kijiji, Alene, anataka kugawa kiwanja cha mama huyo kwa mtu mwingine," mwalimu akasema. "Nimemsihi angoje. Leo alasiri nakuja naye kwenu. Atakuuliza mbele ya wazazi wako kama ni mama huyo aliyekula, na wewe utamjibu neno moja tu: kweli au uongo. Ukisema ni kweli, sina la kufanya tena. Unanielewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Yeshareg. Mimi sikutishi. Nakuomba."

Nilitoka shuleni nakimbia. Nilitaka kumwambia mama kwanza, yeye peke yake, kabla ya mwanamume yeyote kukanyaga uani kwetu.

*

Nilimkuta jikoni, anapika injera. Alikuwa anamwaga unga mwembamba kwa kuzungusha mkono, kutoka ukingoni kuelekea katikati, juu ya kikaango cha Mama Enguday. Nikaanza kusema kabla sijakaa. Nikasema yote: kitabu, tumbo, shayiri, haki ya Maria, moshi, jina. Nilipofika kwenye kuguna nikashindwa, nikajifunika uso.

Mama akafunika kikaango. Mvuke ukawa unatoka pembeni.

"Najua," akasema.

Nikadhani hakunisikia vizuri. "Mama, sikuwa naumwa. Hata siku moja."

"Nimesema najua."

"Tangu lini?"

"Tangu pale ulipofumba macho." Alikuwa hanitazami, anatazama mvuke. "Nimewashika wawili mpaka mwisho, Yeshi. Mtoto anayeumwa akiitwa jina lake, anafumbua macho. Hata kama hana nguvu, anafumbua. Wewe uliitwa ukafumba. Nikajua hapohapo."

"Alikuwa bado hajapigwa."

"Ndiyo."

"Mama. Ulijua kabla hajapigwa?"

Akaibandua injera, akaitandaza kwenye ungo. Ilikuwa imeungua chini. Mama yangu hakuwahi kuunguza injera.

"Baba yako alikuwa na bakora mkononi," akasema. "Ningefungua mdomo, ingekugeukia wewe. Ningekupoteza na wewe. Nikajiambia, watamfukuza tu, mwanamke huyu ana miguu, atakwenda kwingine, vyungu vinauzwa kila mahali." Akajifuta mikono kwenye gauni, mara mbili, mara tatu. "Ndivyo nilivyojiambia. Kwa hiyo jina lile usidhani ulilitaja peke yako."

Nilikuwa nimekuja nikitegemea anipige au anisamehe. Sikujua nifanye nini na mama ambaye alikuwa amekaa upande wangu.

"Wanakuja, mama. Mwalimu na Mwenyekiti. Wanakuja kuniuliza."

"Leo?"

"Sasa hivi. Mama, nataka kusema."

Mbwa wakabweka. Uani nikasikia sauti ya Mwalimu Getinet ikitoa salamu, na ya Mwenyekiti Alene, na ya baba ikiwakaribisha, baba ambaye tangu Ijumaa alikuwa mtu mwingine, mchangamfu, anayeniita dhahabu yake. Bibi alikuwa anatandika ngozi za kukalia. Kisha nyuma yao nikasikia kikohozi cha mwanamke, na nikajua kwamba mwalimu hakuja na Mwenyekiti tu.

"Yeshareg!" baba akaita. "Njoo, dhahabu yangu! Njoo uwaambie wageni nani aliyekuwa anakula!"

Nikasimama. Neno lilikuwa mdomoni tayari, lilelile nililoshindwa kulitoa ndani ya moshi.

Mama alikuwa ameshafika mlangoni kabla yangu. Alisimama katikati, mikono yote miwili kwenye miimo, akanitazama kwa macho yaleyale yaliyovimba.

"Rudi ukalale," akasema. "Unaumwa."